Pindo, Mji, Jina

Shuka nilipewa bure, dobi ya hospitali, Leicester,
zimechakaa katikati, pale wagonjwa hugeukia ukuta.
Bwana Gethin alisema chukua, zinakwenda kuwa matambara.
Nikachukua mbili. Kanga ni doti;
moja peke yake ni kitambaa tu.

Nilianza na pindo.
Pindo la nguo ni mpaka, na mpaka una wenyewe,
na wenyewe wana muhuri.
Nikachonga kiazi kwa kisu cha siagi:
duara, tarehe, na neno IMEKATALIWA kinyumenyume
ili likigonga nguo lisomeke sawa.
Rangi, maganda ya vitunguu na maji ya bitiruti.
Miaka kumi na mmoja, barua tisa, viazi tisa,
maana kiazi huoza upesi.
Muhuri wa kweli hauozi.

Kisha mji.
Mama angetia korosho, au nanasi, angemaliza kabla ya adhuhuri.
Mimi nikajiuliza, mji upi?
Nikachora Narborough Road saa kumi na moja alfajiri,
basi la kwanza halina mtu ila dereva na mimi,
kinyozi Mkurdi anafagia nywele za jana,
chumba changu juu ya duka la simu,
sufuria sakafuni ikikinga maji ya dari.
Hapo mkono ukasita.
Mji pia ni ule wa tumboni,
nao wangu ulizaa hapahapa, ghorofa ya pili,
juu ya shuka kama hizi. Labda hizi.
Basi katikati kabisa nikaacha peupe,
ukubwa wa mtoto mchanga aliyelala ubavu.
Watu watadhani rangi iliniishia.

Jina ndilo lililonitesa.
Barua zao zina maneno laini:
TUNALISHUGHULIKIA SUALA LAKO.
Refu mno. Kanga haipendi hotuba,
husema huku inapita
na aliyesemwa abaki akijikuna.
Nikaandika, nikafua, nikaandika.
Usiku wa nne likaja lenyewe, nikiwa napiga mswaki:
SUBIRA YANGU SI RUHUSA YAKO.

Bi. Pocklington wa jumba la sanaa alikuja na glavu nyeupe.
Kipande kimoja akakitia ndani ya kioo,
kimenyooshwa hadi hakina mkunjo wala mwili,
na kibao: USIGUSE. Msanii: M. Kombo.
Mimi ni Mwanakombo.
Hata ofisini ni hivyohivyo,
wamenitoa mwana, wakaniachia kombo.
Nilipomweleza, shingo ilimwiva nyekundu.
Kibao kipya ameahidi. Naye ni mtu mwema,
ila wema wake pia huchukua wiki sita.

Binti yangu Saumu alisimama mbele ya kioo
mkoba wa shule begani, akaninong'oneza
kwa Kiswahili chake kinachovuta vokali kama watu wa hapa:
"Mama, umewatundikia ugomvi wetu."
Nikamwambia, kwani kanga imewahi kuwa nini?

Kipande cha pili nilikivaa.
Jumatatu ya kuripoti, Loughborough, mvua ya sindano,
nikajifunga juu ya koti la baridi,
maandishi nyuma, mahali pake,
foleni nzima ipate la kusoma.
Ofisa alikuwa mgeni kazini, ndevu hazijakutana.
Akauliza, pale pameandikwa nini?
Jina, nikasema.
Na ndivyo linavyoitwa, sikumdanganya.
Akaniomba nigeuke.
Akanakili herufi moja moja, ncha ya ulimi nje,
SUBIRA kwenye kisanduku cha jina la kwanza,
mengine yote kwenye ukoo
hadi yakafurika ukingoni mwa fomu.

Hakukosea hata herufi.

Maonyesho yakiisha Saumu anakitaka kile cha kioo.
Atakikata sketi, anasema, fupi, yenye mifuko.
Nimempa mkasi.
Akate atakavyo, nimemwambia,
ila pale peupe asipaguse.